Mbuzi Ndani ya Gunia: Aibu ya Bidhaa katika Gari la Haibridi

Mwenye gari hulijua gari lake kuliko mtu yeyote anayekuja kulitazama. Ujuzi huo unamdai nini anapoliuza ni swali la kale. Mafakihi, wanafalsafa na mahakimu walilijadili juu ya ngamia, nafaka na nyumba muda mrefu kabla ya injini kubuniwa. Gari la haibridi lililotumika limelirudisha sokoni kwa sura ngumu zaidi. Gari la petroli tupu likichoka hujitangaza: injini inayokula oili hutoa moshi, giaboksi iliyokwisha hugonga, bodi iliyooza huonekana mtu akiinama. Betri kubwa ya haibridi haitoi moshi wala sauti. Huenda imebakiza miezi mitatu, na gari likapita mbele ya mnunuzi kimya kimya kana kwamba lilitoka kiwandani jana. Waswahili wana jina la ununuzi wa namna hiyo: kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Gunia lenyewe lafaa kufunguliwa kwanza. Miongoni mwa magari madogo ya juu ya haibridi yanayofahamika Afrika Mashariki ni Honda Vezel, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2013, na Toyota C-HR, iliyofuata Desemba 2016. Yote mawili huunganisha injini ya petroli na mota ya umeme, lakini kwa njia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo huamua kasoro itajificha wapi. C-HR ya haibridi ina injini ya lita 1.8 na mfumo wa gia za sayari unaogawanya nguvu kati ya injini na mota. Hauna klachi ya kuisha. Udhaifu wake hukaa kwenye betri, ambayo katika C-HR za mwanzo za Japani ni ya nikeli: moduli 28, kila moja na seli sita, jumla seli 168 zilizofungwa kwa mfuatano hadi kufikia volti 201.6. Vezel ya kizazi cha kwanza ina injini ya lita 1.5, betri ya lithiamu chini ya sakafu ya buti, na giaboksi ya klachi mbili yenye gia saba. Mwaka 2014 Honda iliyaita yarudi magari ya haibridi ya Fit na Vezel ili kurekebisha programu inayoiongoza giaboksi hiyo. Anayenunua Vezel ya wakati ule leo ana haki ya kuuliza kama ilipitia marekebisho hayo kabla ya kupakiwa melini.

Moduli zilizofungwa kwa mfuatano hufuata hali ya ile iliyo dhaifu kuliko zote. Moja ikichoka, hujaa upesi na kwisha upesi, hupata joto kuliko jirani zake, na joto lile huwachosha jirani pia. Katika magari ya Toyota ya aina hii, feni ndogo huvuta hewa ya ndani ya gari kuipoza betri kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi, au na shuka lililotandikwa kuhifadhi kiti, betri hupikika taratibu. Dereva haoni kitu. Injini hujaza pengo, huwaka mara nyingi zaidi, na kinachobadilika ni hesabu ya mafuta ya mwezi, ambayo dereva huisingizia foleni.

Karatasi ya mnada wa Japani, ambayo wanunuzi wa Mombasa na Dar es Salaam wameizoea, hutoa daraja la gari zima, 4 au 4.5 kwa gari zuri, R kwa lililopata ajali na kutengenezwa, pamoja na herufi ya hali ya ndani na mchoro wa bodi wenye alama za mikwaruzo na mabonyeo. Ni waraka mwaminifu juu ya ngozi ya gari. Juu ya uhai uliobaki ndani ya betri, kwa kawaida hausemi kitu. Kenya huzuia gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania hulitoza ushuru wa ziada lililozidi umri huo. Sheria hizo huhesabu miaka, ilhali betri huhesabu pia joto. Iliyokaa miaka sita kwenye baridi ya Hokkaido na iliyokaa sita kwenye foleni za Mombasa hazina umri mmoja, hata kama kadi za magari zinasema hivyo.

Mafundisho ya Kiislamu juu ya jambo hili yamesimama kwenye hadithi kadhaa, na mbili zinagusa gari la haibridi kwa karibu. Ya kwanza ni ya lundo la nafaka sokoni. Mtume Muhammad (s.a.w.) alitia mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu; mwenye nafaka alipojitetea kuwa ni mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka nafaka iliyolowa juu watu waione. Hapo ndipo ilipowekwa kanuni kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Ya pili ni ya mnyama aliyeachwa bila kukamwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mnunuzi huyo amepewa hiari ya siku tatu: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyakama.

Kiwele kilichojazwa kina ndugu yake kwenye yadi ya magari. Asubuhi taa ya hitilafu inawaka. Fundi anachomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anafuta hitilafu, taa inazimika. Injini inaachwa ikiunguruma mpaka picha ya betri kwenye dashibodi ipande karibu juu kabisa. Saa nne mnunuzi anafika, anawasha, anazunguka mtaa mmoja, anarudi akitabasamu kwa kuwa betri imejaa. Moduli iliyochoka hujaa upesi kuliko nzima, kwa hiyo picha inayomfurahisha ndiyo inayomdanganya. Hata hivyo gari huhifadhi ushahidi. Kompyuta yake hujipima vipengele kadhaa yenyewe, na hitilafu zikifutwa vipimo hivyo hurudi kusomeka kuwa havijakamilika hadi gari litembee vya kutosha, pengine kwa siku kadhaa. Mnunuzi aliyekuja na fundi wake, akakuta vipimo havijakamilika kwenye gari linalosemekana kutembezwa kila siku, amepata jibu kabla ya kuuliza. Mafakihi wameeleza kuwa siku tatu hutosha maziwa ya kweli kubainika. Inagusa moyo kuona jinsi muda ule unavyokaribiana na muda ambao gari huhitaji ili liseme kweli.

Lakini si kila upungufu ni aibu. Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni kitabu cha madhehebu ya Kishafii kilichosomeshwa kwa vizazi katika mwambao wa Waswahili. Ndani yake, aibu ni kila kinachokipunguza kitu chenyewe au thamani yake kiasi cha kumkosesha mnunuzi kusudio la haki, iwapo vitu vya aina hiyo kwa kawaida havina upungufu huo. Sharti la mwisho ndilo lenye uzito. Betri ya miaka kumi iliyopoteza sehemu ya nguvu zake haina aibu, kwa kuwa betri zote za umri huo ziko hivyo na bei imekwisha kuzingatia hilo. Betri hiyo hiyo ikiwa na moduli mbili zilizokufa kati ya 28 ina aibu, hata kama gari bado linatembea. Vivyo hivyo iliyofunguliwa mtaani na kuchomekwa moduli za betri nyingine: hufanya kazi miezi michache, kisha moduli za zamani, zisizolingana na zilizoingizwa, huanza kuanguka moja baada ya nyingine. Aliyelipa akidhani ananunua betri nzee amenunua mkusanyiko wa betri kadhaa.

Muuzaji ana kinga moja anayoipenda: gari ndilo hilo, litazame, likitoka hapa halirudi. Fikihi inaijua kinga hiyo kwa jina la baraa, yaani kujivua na aibu zote wakati wa mkataba. Wanazuoni walihitilafiana sana juu yake. Katika kauli yenye nguvu ya Kishafii, sharti hilo humvua muuzaji na aibu ya namna moja tu: iliyo ndani ya mwili wa mnyama, isiyoonekana, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Nguo, nyumba na vitu vingine havimo. Sababu ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hugeuka, na ni nadra kukosa kasoro ya ndani. Kumtaka muuzaji adhamini tumbo la ngamia ni kumtaka adhamini ghaibu.

Hapo ndipo gari la haibridi linapoleta mtihani mpya. Gari la kawaida lilikuwa upande wa nguo na nyumba: limetengenezwa, halina siri ya uhai, fundi akilifungua ataona. Betri imelihamishia upande wa mnyama. Nayo hula na kutapika umeme, katika afya na katika ugonjwa. Joto huibadilisha, na kukaa bila kutumika huidhoofisha. Muuzaji mjuzi wa fikihi angeweza kudai kwamba msamaha wa mnyama umfikie na yeye. Dai hilo lina mantiki, lakini linashindwa mahali pamoja. Msamaha ule ulitolewa kwa kuwa hapakuwa na njia ya kutazama ndani. Betri ina njia: mashine ya fundi husoma volti zake kwa mafungu, na gari likipandishwa kilima, fungu dhaifu huporomoka na kuachana na wenzake mbele ya macho. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya gari. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya tumbo la ngamia haufai kupitishia sanduku lenye soketi.

Kutojua, basi, kuna namna mbili, na lugha ya kila siku huzichanganya. Yupo asiyejua kwa kuwa hakuna awezaye kujua, na yupo asiyejua kwa kuwa hakutaka. Kisa kinachosimuliwa katika Muwatta, kitabu cha Imam Malik, kinaionyesha tofauti hiyo kwa ukali. Sahaba Abdullah bin Umar aliuza kwa sharti la baraa, kwa dirhamu 800. Mnunuzi akalalamika kuwa kulikuwa na ugonjwa usiotajwa. Khalifa Uthman alimtaka Ibn Umar aape kwamba aliuza bila kuujua ugonjwa huo. Akakataa kuapa, akarudishiwa alichouza, na baadaye akakiuza kwa dirhamu 1,500. Aliyeuzwa alikuwa mtu, mtumwa, jambo ambalo mwambao huu haupaswi kulisoma kwa wepesi. Kwa mjadala wa bidhaa, kilichobaki ni kiapo: baraa haimlindi aliyejua.

Kiapo hicho kina upenyo, hata hivyo. Muuzaji aliyekwepa kupima anaweza kuapa kwa ulimi mkavu kwamba hakujua, na aliyepima kwa uaminifu akawa ndiye anayebanwa. Kanuni inayompa nafuu aliyefumba macho inawafundisha wauzaji wote kufumba. Kwa hiyo kuna haja ya kusema wazi kile ambacho mafakihi wa ngamia hawakulazimika kukisema: anayeogopa kutazama amekwisha kujua nusu ya anachokiogopa, na nusu hiyo inamlazimu. Aliyeona mafuta yakipanda, aliyesikia feni ya nyuma ikivuma kuliko zamani, aliyewahi kufutiwa taa mara moja, hana tena haki ya neno sijui. Anayo haki ya kusema: sijapima, lakini nimeona haya. Mzee aliyerithi gari la marehemu nduguye na hajui hata betri iko wapi ni mtu mwingine kabisa. Wajibu wake unaishia kwenye kumwacha mnunuzi alete fundi na asimharakishe.

Mabishano ya namna hii yalikuwepo pia nje ya Uislamu. Cicero, akiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza jinsi mwanafalsafa Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso walivyotofautiana juu ya mfanyabiashara aliyewasili Rodi na nafaka wakati wa njaa, akijua meli nyingine ziko njiani. Diogenes aliona kwamba kutosema si kuficha; Antipater aliona kwamba mnunuzi anastahili kujua kila anachojua muuzaji. Cicero alikuwa upande wa Antipater. Thomas Akwino, katika karne ya 13, aligawanya: kasoro iliyofichika yenye kuleta hatari au hasara lazima isemwe, ya wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima, na mwenye habari za meli zinazokuja hadaiwi na haki kuzitangaza ingawa ni wema zaidi akizitangaza. Kwa gari la haibridi mgawanyo wa Akwino unasaidia kuliko ubishi wa Wagiriki. Muuzaji hadaiwi kusema kwamba bei zitashuka mwakani. Anadaiwa kusema kilichomo ndani ya gari analoliuza leo.

Ukimya una gharama pia kwa wasiohusika. Mwanauchumi George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alichukua soko la magari yaliyotumika kuwa mfano. Wanunuzi wasipoweza kutofautisha zima na bovu hutoa bei ya katikati. Mwenye zima huiona bei hiyo kuwa ni kunyang’anywa, akaliondoa gari lake sokoni. Yanabaki mabovu, na bei hushuka tena. Mama aliyeitunza Vezel yake, akasafisha tundu la hewa, akaweka risiti za huduma zote, huambiwa na dalali kuwa haibridi haina bei kwa sababu ya betri. Analipia udanganyifu wa watu asiowajua.

Baada ya mauzo, swali hugeuka kuwa la wakati. Betri ikifa wiki ya sita, ilikufa kwa ugonjwa wa muuzaji au wa mnunuzi? Mafakihi wa Kishafii walikutana na hili kwa mnyama aliyekufa mikononi mwa mnunuzi kwa maradhi aliyokuwa nayo kabla. Kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kwamba mauzo hayavunjiki, kwa kuwa maradhi huongezeka kidogo kidogo na sehemu ya mwisho ilitokea kwa mnunuzi. Lakini kama hakuyajua, anarudishiwa tofauti ya bei kati ya mnyama mzima na mgonjwa. Kwa betri ni vigumu kupata hukumu iliyo ya haki kuliko hiyo. Nao hawakumwacha mnunuzi alale: aliyegundua aibu anatakiwa arudishe upesi na aache kukitumia kitu. Anayeiona taa ya haibridi, akaendelea kwenda kazini wiki tatu, kisha akataka fedha zake, amekwisha kuridhika kwa vitendo. Mafuta aliyookoa kabla ya kuijua aibu ni yake hata akilirudisha gari, kwa kanuni kwamba faida ni ya aliyebeba dhamana: gari lingeungua katika siku hizo, hasara ingekuwa yake.

Sheria za serikali zimechukua njia nyembamba zaidi. Kenya na Tanzania zote zina sheria za mauzo ya bidhaa zilizorithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo lazima iwe ya hali inayofaa kuuzika, lakini mnunuzi akiikagua, hana dai juu ya kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Kwa mauzo ya mtu na mtu, ulinzi ni mdogo. Mahakama za Kadhi nchini Kenya hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kati ya Waislamu. Kesi ya gari bovu haiendi huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fikihi ya aibu inaishi leo ndani ya dhamiri, na anayeilinda ni yule anayeijua.

Baina ya muuzaji na mnunuzi yupo fundi. Ndiye aliyefuta hitilafu asubuhi, na mchana anaweza kuitwa na mnunuzi kupima gari lile lile. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya, anasimulia juu ya Wathila bin al-Asqa, sahaba, aliyekuwa amesimama karibu mtu alipouza ngamia jike kwa dirhamu 300. Mawazo yake yalikuwa mbali. Alipozinduka mnunuzi ameshaondoka na ngamia. Wathila akamkimbilia akipaza sauti, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Kwa kupanda, akajibiwa. Akamwambia kwamba kwato ina tundu, alikwisha kuliona, na ngamia huyo hatahimili safari. Mnunuzi akarudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100, kisha akamgeukia Wathila kwa uchungu kwamba ameharibu biashara yake. Jibu la Wathila lilikuwa kwamba wajibu wa kubainisha aibu humfika hata asiyeuza, maadamu anaijua. Mafundi wengi huona kuwa siri ya mteja ni amana. Ni kweli kwa mambo mengi, lakini amana haijumuishi kusimama kando ya gari, mikono mfukoni, mnunuzi akihesabu akiba ya miaka mitano kwa ajili ya betri ambayo fundi ameiona ikiporomoka.

Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia hana ruhusa ya kulifunga gunia upya. Kishawishi ni kikubwa, kwa sababu hasara ni ya kweli na aliyeisababisha hapatikani tena kwenye simu. Hata hivyo mnunuzi anayefuata hakushiriki katika kosa lile. Anapoliuza gari, mwenye nalo anadaiwa kutaja betri ni ile iliyotoka kiwandani au ilibadilishwa, ilibadilishwa yote au moduli ngapi, zilizowekwa zilikuwa mpya au za gari lililobomolewa, na lini taa iliwaka mara ya mwisho. Bei itashuka, na kiasi kinachoshuka ndicho ambacho hakikuwa chake tangu mwanzo.

Mauzo ya mwisho ni ya betri iliyokufa kabisa, inapofunguliwa na kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hapo aibu haihusu tena bei. Betri isiyoweza kuliendesha gari bado inaweza kushikilia umeme wa kumuua mtu, na kijana anayeipasua kwa tindo apate nikeli na shaba hajui maana ya nyaya za rangi ya machungwa. Anayemkabidhi sanduku lile anadaiwa kumwambia kwamba ndani bado mna umeme, kumwonyesha plagi ya usalama iliyokwisha kuondolewa, na kumzuia asilifungue bila mtu anayejua.